Kisamvu Bila Mawese

Wenzangu wa ofisi ya walimu, mmeniuliza mara nyingi safari ya Kigoma ilikuwaje, nami nimekuwa nikijibu "salama tu", jibu la mtu anayetaka chai inywewe na mada ibadilike. Lakini Ijumaa ile mlipochanga mkapika pilau la kunipa pole, nami nikalipekua kwa kijiko na kuuliza mmepikia mafuta gani, niliziona nyuso zenu. Mwalimu wa Kiswahili alinuna mpaka kengele ya kutoka. Mlidhani nawashuku uchawi. Sikuwashuku. Someni haya mpaka mwisho, kisha aliyenuna anune tena akitaka.

Jambo lenyewe mnalijua nusu. Mdogo wangu Severini, mvuvi, aliuawa na kiboko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Ujiji. Habari ilinifikia katikati ya usimamizi wa mitihani, na ruhusa nilipewa karatasi zilipokwisha kufungwa. Nilipanda treni hapa Tabora nikiwa na hasira na kiboko, na mkuu wa shule, na Mungu, kwa mpangilio huo.

Kwenye treni

Treni ilichelewa kuondoka, ikachelewa tena Urambo, na Kaliua ikalala kabisa. Behewa la treni ya mizigo iliyotutangulia lilikuwa limeacha reli. Tuliambiwa "punde tu". Mnalijua punde la reli. Watu walishuka, wakafua, wakaanika nguo kwenye majani, zikakauka, wakazikunja. Akina mama wa pale wakatuuzia kuku wa kuchemsha na asali mpaka kuku wakaisha, wakabaki kutuuzia maji na huruma.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Ujiji, Mzee Abeid, mrefu, amekunjamana kwenye kiti, anarudi kwao kumwona kitukuu. Ujana wake alikuwa baharia, kazi yake jikoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanigawia paja la kuku wake bila kuniuliza ninakwenda wapi. Nilipomaliza kula ndipo akauliza, nami nikamwambia kila kitu, pamoja na lile nililokuwa sijamwambia mtu.

"Nasikia wameshaomba kibali cha kumpiga yule kiboko," nikasema. "Nataka nimkute amelala mchangani. Nataka nimwone."

"Unafundisha nini, mwanangu?"

"Baiolojia."

Akatikisa kichwa, kama kwamba jibu hilo halikulingana na maneno ya kwanza. Mimi nami, kwa kuwa mwalimu hawezi kukaa kimya hata akiwa na msiba, nikaanza kumwelezea kiboko. Nikamwambia kwamba katika wanyama wote walio hai leo, hakuna aliye karibu na nyangumi kwa nasaba kuliko kiboko. Ni ndugu, mmoja alienda zake baharini, mwingine akabaki mitoni na maziwani.

Mzee Abeid akaacha kutafuna. "Kumbe," akasema. "Basi nawajua."

Ndipo akanisimulia. Alikuwa kijana, amechoka kupakua magunia bandarini Dar, ikaja meli ya kigeni inatafuta msaidizi wa jikoni. Akapanda bila kuuliza inavua nini; alidhani jodari. Walipofika bahari ya kusini kwenye vipande vya barafu, akaiona kazi yenyewe.

"Chusa," akasema. "Lakini si hili la kurusha kwa mkono. Linafyatuliwa kwa mzinga, na kichwani lina baruti, linalipukia mwilini. Na mama mwenye mtoto ndiye rahisi. Unampiga mtoto kwanza. Mama haondoki. Anazunguka pale pale mpaka zamu yake ifike."

"Kwa ajili ya nyama?"

"Nyama nani aliihitaji? Mafuta. Zamani za mabibi zetu, miji ya Wazungu iliwaka taa usiku kwa mafuta ya nyangumi. Halafu yakaenda kwenye mashine, kwenye sabuni, kwenye siagi ya kupaka mkate. Wakawamaliza kwenye bahari zao, wakaja kwenye bahari za wenzao. Walipobaki wa kuhesabika ndipo wakubwa wakakaa kikao wakakubaliana waache. Na bado wapo wanaoua. Huyu anasema ni utafiti, yule anasema ni mila ya babu zake."

"Na wewe unasemaje, mzee?"

"Mimi nilipika," akasema. "Nyangumi wa kwanza wa msimu, pande lilikuja jikoni na mabaharia wote walikula. Nahodha alisimama mlangoni akitazama nani hali. Kuna kijana mmoja aliyekuwa analia kwa ajili ya yule mtoto. Alikula na yeye. Sikuelewa yule nahodha anatazama nini. Nimekuja kuelewa uzeeni. Mtu aliyekula hawezi kurudi kwao akasimulia vibaya. Ndiyo maana hata mimi sijasimulia."

Nikamwuliza mbona ananisimulia mimi. Akasema kwa sababu treni imesimama na mimi nina msiba, na mwenye msiba huwa hatangazi. Sijui kama ningempenda mzee yule siku nyingine. Siku ile nilimpenda. Treni ilipoanza kutembea alilala, akaamka Uvinza kununua chumvi, akalala tena mpaka Kigoma.

Simbo, kwa mama

Kutoka stesheni nilichukua bodaboda moja kwa moja mpaka Simbo, kwa mama. Nilikuta kaburi limeshapata majani. Nilisimama pale migombani nikiwa na begi mgongoni, nikalia mpaka dereva wa bodaboda akaona aibu kunidai, akaenda kukaa mbali.

Mama hakulia. Alikuwa jikoni, miguu imevimba kama kawaida yake, anachuja mawese. Ana michikichi yake michache nyuma ya nyumba na mawese anakamua mwenyewe. Tangu nizaliwe sijamwona akinunua mafuta dukani. Aliniwekea maji ya kuoga, akaniwekea ugali wa muhogo na maharage yaliyowiva kwa rangi ya mawese, akangoja nishibe.

"Tajiri alikuja kuzika," akasema.

Tajiri ndivyo wavuvi wa kwetu wanavyomwita mwenye mitumbwi na nyavu, yule anayeajiri wenzake. Wa Severini sitamtaja jina, kwa hiyo mwiteni Tajiri tu. Alileta mwili mpaka Simbo, alileta jeneza zuri, na alipopewa nafasi ya kusema kaburini alisema maneno haya, mama aliyashika yote: kwamba Severini alikuwa kijana mzuri ila alikuwa na tamaa, kwamba ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane na yeye Tajiri alikuwa amewakataza watu wake wasitie wavu majini, lakini Severini alitoroka alfajiri kwenda kuiba samaki kwenye matete, akakutana na mnyama.

"Amenizikia mwizi," mama akasema. "Mbele ya padri, mbele ya majirani. Mtoto aliyekuwa akinipigia simu kuniuliza kama dagaa niliopewa wamevuliwa wakati wa halali."

Alichokitaka ni kimoja. Niende kwa Tajiri, naye aseme mbele ya watu wake nani alimtuma Severini kwenye yale matete. Basi. Hakutaka fidia, hakutaka polisi. Alitaka neno lile lile lililoharibiwa kaburini litengenezwe na mdomo ule ule.

"Na kitu kingine," akasema. "Wakimpiga yule kiboko, usile nyama yake."

Hapa lazima niwaeleze ninyi watu wa nchi kavu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwindaji wa viboko huko mwambaoni. Enzi zake, na enzi za baba yake zaidi, kiboko alikuwa bidhaa. Meno yalikwenda Ujiji kuungana na pembe za ndovu. Ngozi ilikatwa vipande virefu ikawa mijeledi, na mijeledi hiyo iliwapiga wapagazi waliobeba meno yale yale. Sisi tunapenda kusema waliokuja ndio waliotufundisha ukatili. Chusa la babu yangu lilikuwa la kufuliwa hapa hapa, na mkono uliolirusha ulikuwa wa kwetu. Nimelala nyumba moja na lile chusa utoto wangu wote na sikuliuliza kitu.

Wawindaji wale walikuwa na sheria yao. Kiboko akiua mtu, naye akauawa, nyama inagawiwa ufuko mzima, na kila anayekula anakuwa amesema kwamba jambo limekwisha: hatauliza tena nani alimtuma marehemu, nani alimwacha, nani alikimbia. Wafiwa wanapelekewa mwisho. Mzee wa wawindaji anashika sahani kwa mikono yake miwili na kumwambia mfiwa, hii ni nyama ya aliyemuua ndugu yako. Ukila, umefunga. Ukikataa, swali lako linabaki wazi, na anayeulizwa analazimika kujibu hadharani. Ilikuwa njia ya kuzuia watu wasiuane baada ya mnyama kuua. Haikuwa sheria mbaya kwa jinsi ilivyotungwa.

"Sitakula," nikamwambia mama. Nilimwambia kwa urahisi kabisa.

Ujiji

Kutoka Ujiji yapo maboti ya mbao yenye injini yanayopeleka watu na mizigo kusini, na nilidhani kazi yangu ni kupanda tu. Lakini nilikuwa nimevaa viatu vya shule na kushika begi jeusi, na nilifanya kosa la kupita sokoni na kuuliza samaki. Kina mama waliokaa na ndoo za nyanya walinitazama miguuni kwanza.

"Hakuna samaki, mama. Ziwa limefungwa."

"Hata mgebuka mmoja?"

"Hata harufu."

Harufu ilikuwepo, na ilitoka chini ya nyanya zake. Nilipoinama kumwambia kwamba nataka tu wa kula, yule mama alifunika ndoo, akanyanyuka, akaondoka na biashara yake yote. Habari ilinitangulia ufukweni kwamba amekuja ofisa wa uvuvi, mwanamke, mkali. Boti la kwanza likasema limejaa, nalo lina watu watatu. La pili likasema injini imekufa. Nikaiona imefufuka nilipogeuka. Nilikaa juu ya gunia la chumvi jua zima, nikila mihogo ya kuchoma, nikitazama maboti yanavyonikimbia.

Mwishowe nahodha mmoja kijana akaniambia kwa adabu nyingi kwamba mheshimiwa nirudi kesho, boti lake halibebi samaki kabisa. Nilikuwa nimechoka na nimefiwa. Nilimporomoshea Kiha, kuanzia kwake mpaka kwa ukoo wake, Kiha cha Simbo ambacho nilikuwa nimekisahau tangu nilipoolewa. Ufuko mzima ukaangua kicheko. "Kumbe ni wa kwetu!" Nahodha mwenyewe akanibebea begi, akanipandisha juu ya magodoro. Na tulipotoka kidogo tu, akainua turubali kunichagulia mgebuka mzuri wa kukaanga kutoka kwenye ndoo nne alizozificha.

Nilikula. Ulikuwa mtamu. Nilimlilia mdogo wangu aliyeitwa mwizi wa samaki huku nikila samaki wa wizi, na hilo nililiona siku nyingi baadaye.

Ziwani

Sitawachosha na uzuri wa ziwa. Maji yalikuwa masafi, milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, na kila tuliposimama watu waliingia majini mpaka kifuani kupokea mabati, kreti za soda na watoto. Kila kituo nahodha alinitambulisha kuwa dada yake Severini, na kila kituo walitoa pole, kisha wakatazama pembeni. Mwanamke mmoja mzee alinishika mkono akiwa majini na kusema, "Pole, mwanangu. Ameshauawa lakini. Sisi huku tumeletewa." Akaniachia haraka, akajitwika mzigo wake. Nikajua kwamba kiboko amekufa na nyama inatembea ziwani kunishinda mwendo.

Kwa Tajiri

Tajiri hakuwepo. Amekwenda ng'ambo, anarudi leo, kesho, hakuna ajuaye. Mke wake alinipokea kwa heshima mpaka nikaona haya: maji ya moto, kitanda chenye chandarua, shuka jipya. Kwenye ufuko palikuwa na vichanja, na juu yake mapande meusi yanakauka kwa moshi. Fuvu lilikuwa mchangani. Nililiendea, kwa kuwa nilikuwa nimesafiri ili nilione. Meno yalikuwa yameshang'olewa.

Nilisimama pale nikangoja furaha. Haikuja.

Wilondja ndiye alinikuta. Ni mvuvi wa rika la Severini, wazazi wake walivuka kutoka Kongo, na walikuwa mtumbwi mmoja asubuhi ile. Alichuchumaa mbali kidogo na fuvu.

"Dada, mi niko nakuambia ukweli, lakini usinitaje. Si Severini alitaka kwenda. Yeye alikataa. Alisema mule kwenye matete kuna mama amezaa, na ziwa limefungwa, na ni vibaya mara mbili. Tajiri akasema asiyekwenda, asirudi kwenye mtumbwi wake tena hata ziwa likifunguliwa. Tukaenda. Ule mnyama hakutufuata, dada. Sisi tulimfuata mpaka kwa mtoto wake. Akapindua mtumbwi. Mimi nilikuwa upande wa mchanga. Severini alikuwa upande wa mtoto."

"Utasema hivyo mbele ya watu?"

Akainuka. "Nimekula, dada. Wote tumekula. Wewe ndiye hujala. Wewe uliza."

Jioni ile nilimwona mtoto mwenyewe. Alitoka kwenye matete akaja mpaka kwenye maji mafupi, pale ambapo mama yake alichunwa, akasimama. Watoto wa kijiji wakamtupia mawe, akazama, akarudi. Kiboko hunyonya majini. Nimelifundisha hilo ubaoni mara nyingi na kulichora. Sikuwahi kufikiri jinsi anavyotafuta. Akawa anatumbukiza kichwa, anainua, anatumbukiza. Nilimhurumia, na nikamkasirikia Severini kwa kuwa alikuwa ameshamhurumia kabla yangu, na nikajikasirikia mimi niliyekuja kutoka Tabora nikitaka mama yake alale mchangani. Askari wa wanyamapori waliompiga hawakuwa na kosa. Walionyeshwa mnyama wakaambiwa ndiye muuaji. Hakuna aliyewaonyesha mwingine.

Chakula kililetwa. Nyama nilisukuma. Mke wa Tajiri aliiondoa kama mtu aliyelitarajia hilo. Akaniletea ugali na kisamvu. Kwetu tunakiita sombe. Kilikuwa kimetwangwa vizuri, laini, kinang'aa. Nilikula nikashiba. Asubuhi uji, mchana kisamvu, jioni kisamvu. Nilisema moyoni kwamba watu hawa angalau wana adabu, wameona sili nyama na hawanilazimishi.

Tajiri alirudi, mnene, mpole, kofia mkononi. Akanipa pole ndefu yenye machozi ya kweli. Akasema anajua nimekuja na neno, na neno la msiba halisemwi chumbani. Akawaita wazee na wavuvi wote, wakaja wakakaa mbele ya nyumba yake. Nilifurahi. Nilidhani ananirahisishia kazi.

"Dada yetu," akaanza, "umekaa vizuri kwangu?"

"Vizuri, nashukuru."

"Mke wangu amekulisha?"

"Amenilisha."

"Mboga ilikuwaje?"

"Ilikuwa tamu," nikasema. Ningesema nini?

Wilondja akatazama mchanga. Tajiri akageukia wazee.

"Mmesikia. Amekula na amesifu. Sombe ile imeungwa kwa mafuta ya yule mnyama. Familia imefunga jambo lake, na sisi tunaishukuru familia."

Nilisimama. Nilisema sikuambiwa. Nilisema sheria inataka mzee ashike sahani kwa mikono miwili na atamke, na hakuna aliyetamka. Nilisema wamechukua ile nusu ya mila inayowafaa na nusu nyingine wameitupa ziwani. Nilipiga kelele, sauti ile mnayoijua ya kidato cha pili B. Mzee mmoja, si mtu mbaya, akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, wewe si mzaliwa wa huku? Sombe ilikuwa na rangi gani?"

Ilikuwa ya kijani. Ya kijani tupu, inang'aa, bila hata doa la mawese. Katika nchi ambayo hata mtoto wa miaka mitatu akiona kisamvu kisicho chekundu analia kwamba hakijaiva, mimi niliketi nikala siku baada ya siku. Miaka yote ya mafuta ya alizeti ya Tabora ilikuwa imeniondolea macho. Mama alinionya nyama tu, kwa sababu hakufikiri kwamba binti yake anaweza kuhitaji kuonywa zaidi ya hapo.

"Basi," Tajiri akasema kwa upole. "Mtu wa Kigoma haoni sombe isiyo na mawese bila kuuliza. Alikula akijua. Yameisha."

Wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Wengine walinipa mkono. Nilitapika nyuma ya nyumba, lakini kutapika hakuhesabiwi.

Kurudi Simbo, na kwenda tena

Boti la kurudi lilikuwa na nafasi tele na hakuna aliyeniogopa. Sikula kitu mpaka Ujiji, na Ujiji sikula kitu mpaka Simbo. Nilimfikiria Mzee Abeid na yule nahodha wake aliyesimama mlangoni mwa jiko, na ile miji iliyosoma magazeti yake kwa taa za mafuta ya nyangumi. Mtu anaweza kukataa nyama maisha yake yote na bado akala mafuta.

Nilimkuta mama jikoni tena. Nilimwambia yote, nikaficha rangi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lile lile la yule mzee.

"Ilikuwa ya kijani," nikasema.

Nilingoja anitukane, ingenisaidia. Badala yake akaanza kukunja mkeka.

"Aliyekula ni wewe," akasema. "Mimi sijala."

Nilimwambia miguu. Nilimwambia ziwa, boti, mawimbi. Alikuwa ameshachukua sufuria, akajaza sombe aliyoitwanga asubuhi, akamwagia mawese mpaka yakaogelea juu, akafunga kwa kitambaa. Galoni la mawese nikabeba mimi. Bodaboda alimkalisha katikati tukamshika mbele na nyuma. Ufukweni Ujiji wanaume wanne walimbeba kumpandisha botini, na yule nahodha kijana alikataa kunisikiliza habari ya nauli.

Tuliposhushwa, jambo la kwanza mama alilouliza ni mtoto wa kiboko. Wilondja akasema amekufa, walimkuta kwenye matete.

"Nani alimla?"

"Hakuna, mama. Alikuwa ameoza."

"Basi msiba wa kwake haujafungwa," mama akasema.

Akatandika mkeka kwenye mlango wa mbele wa Tajiri, akakaa, miguu ameinyoosha juu ya kizingiti, sufuria pembeni. Tajiri alitoka, akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kama inavyotakiwa. Akamkaribisha ndani. Mama akasema hapa panatosha. Akasema ana swali moja tu, Severini alitumwa na nani, na kwamba yeye hana haraka. Tajiri akasema jambo lilishafungwa na binti yake. Mama akasema, "Huyo ni dada mtu. Mimi ndiye niliyezaa."

Wazee waliitwa tena, wakatazamana, wakashindwa kumpinga. Kwa sheria ile ile iliyonifunga mimi, asiyekula analo swali lake. Tajiri alikasirika nikaona kwa mara ya kwanza uso wake wa kweli. Mke wake akaleta sahani ya kisamvu, akaiweka mbele ya mama. Mama akafunua, akatazama, akafunika. Akala cha kwake, chekundu, mbele ya kila mtu aliyepita.

Ruhusa yangu ikaisha. Nilimwomba turudi wote, akakataa, akaniambia nikafundishe watoto wa watu. Nilimwacha pale mlangoni. Mnaponiona nimepotea darasani ndipo nilipo.

Wilondja hunipigia simu. Tajiri sasa anapitia mlango wa nyuma. Wanawake wa kijiji wamempigia mama kibanda cha turubali ili mvua isimpate, na mtu fulani humwachia kuni alfajiri bila kujionyesha. Ziwa limefunguliwa na mitumbwi inatoka, lakini kila mvuvi anayekwenda kuchukua nyavu kwa Tajiri lazima amruke mama miguu, na kumruka mzazi miguu kwetu si jambo dogo. Wawili wameacha kazi.

Jana Wilondja alipiga tena. Akasema Tajiri mwenyewe ametoka na sahani, ameishika kwa mikono miwili, na safari hii sombe ilikuwa nyekundu, mawese yanachuruzika pembeni. Kijiji kizima kilisimama kutazama. Mama akafunua, akainusa, akaitazama kwa muda mrefu, akaifunika.

"Mawese ametia," akasema. "Neno bado."